Kaburi Dogo la Marumaru

Kaswera alijua kuna msiba alipoikuta meza yake imetolewa nje.

Alikuwa anatoka soko la Mudzipela, jumatatu hiyo, mtoto Orly mgongoni na kikapu cha makayabo, samaki wa chumvi, kichwani. Meza ilikuwa imelazwa uani, miguu juu. Karibu nayo viti, na karibu na viti mashini yake ya kushona, imefunikwa gunia. Watu hawatoi vitu vya mtu nje ya nyumba yake kwa sababu ya harusi bila kumwambia. Akachungulia ndani. Shangazi Françoise, dada yake marehemu baba mkwe, alikuwa amepiga magoti sebuleni anatandika mkeka, akiupapasa pembe zake ulale sawasawa.

Katika familia ile ya mume wake, mtu haambiwi kifo. Anaonyeshwa. Meza inatoka, mkeka unaingia, chai inachemka, ndugu wanafika mmoja mmoja wakisema ya mvua na ya ng'ombe, na mwenye msiba anaachwa aelewe kidogo kidogo, mpaka mzee atakapofungua mdomo iwe kama anarudia neno ambalo moyo umekwisha kulisikia. Habari ya kifo haisafiri kwa simu, walisema. Inatembea kwa miguu, na inatembea polepole.

"Shangazi, ni nani?"

"Tua kwanza kikapu."

"Ni nani, shangazi?"

"Umekula? Ulinyonyesha mutoto? Uko na nani? Leta Orly nimushike. Chai iko ku moto, utakunywa kwanza."

Kaswera hakutua kikapu. Alisimama nacho mlangoni, akihesabu watu wake. Orly yuko mgongoni, anapumua shingoni mwake. Christian, mume wake, yuko na lori njia ya Aru, alipiga simu juzi akalalamika barabara. Alipofika kwa Elodie hesabu ikasimama.

Elodie alikuwa na miaka sita na tundu moyoni. Alizaliwa nalo. Akikimbia hatua kumi midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya wino, kisha anachuchumaa na kungoja, bila kulia, kama mzee anayengoja mvua ipite. Waganga wa hospitali waliwaambia wazazi ukweli: tundu lile halizibwi huku, litazibwa mbali. Ng'ombe wa familia wakauzwa, kanisa likachanga, karatasi zikazunguka kwenye ofisi karibu mwaka mzima, na mwishowe ikapatikana nafasi katika hospitali moja mjini Delhi, India, kwa mtoto na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mtu mmoja tu. Kaswera wakati huo alikuwa na Orly wa wiki tatu. Aliyekwenda ni Dorothée, mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakuwahi kufika hata Kisangani.

Jambo moja tu Kaswera aliweza kufanya, alilifanya. Kila jioni baada ya soko alikuwa anakwenda kozi ya akina mama kule parokia, saa moja ya kusoma na kuandika, saa moja ya kushona. Akamshonea Dorothée kanzu ya safari kwa kitenge cha kijani chenye majani ya manjano, nguo ya kwanza aliyoikata bila mwalimu kumshika mkono. Akaitia mfuko mmoja mkubwa kwa nje, upande wa kulia. Siku ya kupima alimsimamisha Elodie kando ya nyanya yake, koko kama alivyomwita, akaweka mdomo wa mfuko sawasawa na macho ya mtoto.

"Mama mukwe wako atafanana na kangaruu," mwalimu alicheka.

"Mutoto ataushika," Kaswera alijibu. Na siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, alimwambia Elodie neno hilo hilo moja: "Usiachie mufuko ya koko. Hata ukisinzia, ushike."

Jumamosi waliongea kwa simu, vizuri kabisa.

"Mama, kuko nyumba moja munene, yote nyekundu, na kichwa yake nyeupe kama yai. Ninaionaka ku dirisha ya hospitali. Koko alisema kesho, dimanche, tutaenda kuiona, mbele banipasue."

"Ni kanisa?"

"Sijue. Labda ni ya mwami, mufalme."

Kupasuliwa ilikuwa jumatatu asubuhi. Na jumapili, Kaswera akiwa bado kanisani, simu ameizima, rezo, mtandao wa simu, ilikufa Bunia nzima. Wengine walisema waya umekatwa njiani, wengine walisema ni mambo ya vita. Mpaka jumatatu hiyo simu zilikuwa tochi tu.

Sasa alisimama mlangoni akajiuliza: rezo imekufa tangu jana. Habari imepita wapi?

*

Adrien, kaka mkubwa wa Christian, alifika na bashe, turubai la buluu la msiba, na wanaume wanne wa kulifunga. Akasalimia akitazama pembeni. Wanawake wa jirani walianza kuingia, vitambaa vimekwisha kufungwa kiunoni, wakakaa kando ya ukuta wakiuzunguka ule mkeka mtupu. Kilio hakikuanza. Kwao mama wa mtoto ndiye anayekaa kwanza. Akikaa, wote wanalia. Asipokaa, hakuna anayeruhusiwa hata kuguna.

Na Kaswera hakukaa.

"Ukae, mwanangu," Shangazi Françoise alisema.

"Nikae juu ya nini? Mutu aniambie kwanza."

"Kaa, utaambiwa."

"Niambieni, nitakaa."

Mama Joséphine, jirani wa mlango wa pili, alishindwa kujizuia. "Sasa siye tutabaki hivi na bitambaa mu kiuno kama batu bangojea mpira ianze?"

"Nyamaza, Joséphine," shangazi alisema, kisha akamgeukia Kaswera, na uchungu ukamtoa maneno ambayo siku nyingine angeyameza. "Ninyi batu ya biashara mutatuua. Hata na kifo munabishana bei!"

Kaswera alikuwa Mnande, binti wa wauza vitenge kutoka Butembo, na maneno ya namna hiyo aliyasikia tangu siku ya mahari. Mara nyingi aliyacheka. Leo alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Adrien, akasimama karibu naye kuliko inavyofaa mke wa mdogo mtu.

"Shemeki. Weye njo ulikuya na bashe. Unajua kitu. Kama Elodie amekufa, sema jina yake na useme amekufa. Kama hujui, ondoa bashe yako."

Adrien alikuwa mtu mwema. Alimtazama, akatazama wanaume wake juu ya ngazi, kisha akatoa simu mfukoni, akaifungua, akampa.

Ilikuwa picha.

Chumba cha mawe, kirefu kwenda juu, tao juu ya tao. Kuta nyekundu kama udongo wa barabara ya Djugu, zimechorwa mistari ya marumaru nyeupe iliyonyooka kama kamba. Kwa nyuma dirisha lisilo na kioo: jiwe zima lililotobolewa nyota kwa nyota, kama chujio. Katikati ya sakafu kulikuwa na kaburi. Jiwe jeupe, laini, bila msalaba, bila jina. Dogo. Ungelaza juu yake mtoto wa miaka sita na angeenea.

Kando ya jiwe alisimama Dorothée na kanzu yake ya kijani, hana viatu, kiganja chake juu ya marumaru. Picha ilimkata puani, macho hayakuonekana. Mdomo ulionekana, na mdomo ulikuwa umepinda kwa kilio.

Elodie hakuwemo.

Chini ya picha palikuwa na ujumbe wa sauti, segonde tisa. Kaswera aliugusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakataa.

"Ilifika ku simu yangu jana tukitoka ku misa, yako ilikuwa imezimwa," Adrien alisema chini chini. "Kisha rezo ikakufa. Mama hajue kuandika. Labda balimupasua mbele ya siku. Labda alikatika roho mu usiku. Kule kuko joto, shemeki, habachelewe kuzika. Alituonyesha siye kaburi, juu tusibaki kungoja."

"Uliuliza mutu?"

"Nitauliza nani? Na rezo iko wapi? Na kitu ya namna ile haiulizwe."

Haiulizwi. Tangu jana saa tano watu ishirini waliiona picha ile, wakaiinamia, wakamrudishia Adrien simu yake kwa heshima, wakaenda kutafuta bashe na sukari na mkaa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake swali, kwa sababu kuuliza ni kumlazimisha mtu aseme. Kila aliyenyamaza alikuwa shahidi kwa aliyemfuata.

Maziwa yalimtoka Kaswera, yakalowesha blauzi, na Orly kama aliyepigiwa kengele akaanza kulia. Wanawake wote waliinua vichwa. Sasa atakaa, walifikiri. Hata yeye alifikiri hivyo. Mkeka ulikuwa hatua tatu, ungempokea, na mikono ingemshika pande zote, angeachilia kila kitu. Alipiga hatua moja.

Kisha akageuka, akatoka nje na simu ya mtu mkononi, akasimama nyuma ya mashini yake ya kushona kama mtu anayejificha nyuma ya mti.

Mungu wangu, alisema, mbona nilimpa mfuko tu. Ningempa mimi mwenyewe. Ningemwacha huyu kwa maziwa ya kopo nikaenda.

Aliitazama tena picha kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumtazama mtoto wake ndani yake. Akauona mfuko. Mfuko wake mwenyewe, mshono mara mbili, pembe moja imeinuka kidogo pale mwalimu aliposema afumue na yeye akaona uvivu. Ulikuwa katikati kabisa ya picha. Alitaka kuulaani. Macho yake yakakataa kuondoka hapo, na ilimchukua muda kujua kwa nini.

Mdomo wa mfuko ulikuwa mstari.

Mtu mzima akimtazama mwenzake, mfuko wa kiunoni anauona kwa juu, mdomo wazi, kama unavyoona kikombe mezani. Mara ngapi aliiona kanzu ile hivyo, akiwa amesimama! Hapa mdomo ulikuwa umefungwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake kidevu cha Dorothée kilionekana kwa chini, matundu ya pua kwa chini.

"Shangazi!" Kaswera aliita. "Shangazi Françoise, kuya hapa!"

Alifunua gunia, akavuta mtoto wa meza ya mashini, akatoa kaye, daftari lake la kozi, chaki na utepe wa sentimita. Kaye ilikuwa na ukurasa wa kanzu ya kijani, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto: MACHO YA ELODIE, MFUKO, 95.

"Simama hapa ku ukuta. Weye na mama muko kimo moja."

"Kaswera, roho yako imepotea."

"Simama tu, shangazi, ninakuomba."

Akapiga goti, akapima kutoka ardhini, tisini na tano, akachora mstari mweupe wa chaki juu ya kitenge cheusi cha msiba cha shangazi wa mume wake, mbele ya watu wote. Wanawake waliotoka nje kuona walishika midomo. Akarudi nyuma, akapiga picha amesimama. Hapana. Akainama, akapiga. Hapana. Akapiga magoti, akateremsha simu mpaka ikafika sawa na ule mstari, na kichwa cha shangazi kikakatika puani.

Akampa Adrien simu. "Angalia. Kisha angalia ile ya mama. Nani alipiga ile foto? Koko hawezi kujipiga. Nani alimupiga, iko na kimo ya mufuko?"

Adrien alilinganisha picha mbili. "Mutu mukubwa anaweza kuchuchumaa," alisema. Hakusema kwa ukali. "Machozi inadanganya, shemeki. Hata miye ningependa."

"Mutu mukubwa akichuchumaa angekata mutu kichwa?"

Hapo Mama Joséphine, ambaye alikuwa amechungulia begani kwa Adrien, akapeleka kidole chake chenye unga wa muhogo kwenye kioo. "Na hii ni nini?"

Kwenye sakafu, chini kabisa ya picha, pale mwanga ulipoingia kwa mlango nyuma ya mpiga picha, palikuwa na kivuli. Kilianza ukingoni mwa picha, kifupi, chembamba. Juu ya kichwa chake vilisimama vitu viwili, kimoja kimelala kidogo kushoto.

Kaswera alijua kwa nini kimelala. Uzi ulikwisha. Usiku wa kuamkia safari alimsuka Elodie antene mbili, misuko ya uzi inayosimama, na ya kushoto uzi ukaisha kabla ya kufika mwisho.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Joséphine alifungua mdomo, shangazi akamfinya.

"Basi jana alikuwa muzima," Adrien alisema.

"Alikuwa muzima," Kaswera alisema.

"Na leo asubuhi njo balimupasua."

Adrien aliwatazama wanaume wake waliokuwa wameanza kulegeza kamba za bashe. "Muache kwanza," aliwaambia, na neno hilo lilimwingia Kaswera kuliko yote ya siku ile.

*

Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Mvua ndogo ilipita ikawasukuma wote ndani, wakaketi kando ya kuta, mkeka katikati yao mtupu kama kisima. Chai ilinywewa bila mtu kusema ni chai ya nini. Kaswera alimnyonyesha Orly amesimama, mgongo kwenye mlango. Miguu ilimvimba. Alikuwa amejifunga kwa neno asilolitamka: nikikaa nimekubali.

Aliwaza lile jumba. Kwa hiyo ndilo hilo, nyumba nyekundu yenye kichwa cha yai, na ndani yake kumbe ni makaburi. Mtoto aliitazama wiki mbili kutoka dirishani na kuitamani kama pipi. Nani anampeleka mtoto makaburini mkesha wa kupasuliwa? Akamkasirikia Dorothée, akaomba msamaha, akamkasirikia tena.

Saa tisa na dakika chache simu zote zililia pamoja, mifukoni, sidiriani, kwenye mikoba, kama kuku walioona mwewe. Rezo imerudi. Adrien alikanyaga kikombe cha maji cha mtu akimkimbilia Kaswera na simu. Kiduara kikazunguka, kikafunguka.

"Mama, miye njo nilipiga foto! Koko analia lia tu hapa. Niliachia mufuko kidogo tu, nipige, nitashika tena. Uko unaona bizuri?"

Segonde tisa. Sauti ya jana. Wanawake wakaanza kusogea wakitaka irudiwe, lakini simu yenyewe ikaanza kuita mkononi mwa Kaswera, na jina lilikuwa la Dorothée.

"Allo? Adrien?"

"Ni Kaswera, mama."

Kisha ile sauti nzito, ya taratibu, iliyokuja kutoka mbali na mlio wa mashini fulani nyuma yake. "Kaswera. Umeamuka muzuri?"

"Ee, mama."

"Orly ananyonya?"

"Ananyonya."

"Umekula? Uko na nani hapo?"

Nyumba nzima ilisikia. Shangazi Françoise alifumba macho. Yalikuwa maneno yale yale ya asubuhi: umekula, ulinyonyesha, uko na nani. Ndivyo wanavyoanza.

Mkwe hamkati mama mkwe maneno. Kaswera hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja katika miaka saba.

"Mama, usinisalimie. Nimesimama tangu asubuhi. Kuko mukeka hapa mbele yangu na sitaukalia mpaka useme. Sema tu. Sema sasa."

Mlio wa mashini. Pumzi.

"Iko," Dorothée alisema.

"Mama?"

"Elodie iko. Bamefunga tundu. Moyo yake inapiga peke yake, nimeisikia na masikio yangu, munganga alinipatia ile kamba ya kusikia. Bado analala. Banasema siku tatu hizi njo za kuangalia sana, habapende kudanganya. Lakini iko, mwanangu. Midomo yake... ningejua kukuambia. Sijaona midomo yake na rangi ile."

Kaswera aliegemea mlango.

"Nilikuuliza uko na nani juu nilitaka mutu akushike," Dorothée aliendelea, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akilia. "Muliona foto? Mutoto alikataa kulala mbele ya kuona ile nyumba. Nilimusukuma na kiti ya magurudumu, bustani yote, kando ya maji. Nilizania ni nyumba ya mwami. Ni mwami kweli, lakini analala. Banasema bibi yake mujane njo aliijengesha. Na mu chumba ya pembeni nikaona ile kadogo. Nikavua biatu. Nikashika ile jiwe, nikaambia ule mutoto mwenye kulala mule, sijue jina yake: weye unatosha. Uko hapa tangu zamani, unatosha, usiite mwengine. Elodie ananiuliza, koko, unasema na nani? Nikamupatia simu acheze."

Miguu ya Kaswera haikungoja ruhusa. Ilikunjika, na mkeka ulikuwa pale.

Alikaa. Na kwa kuwa mama wa mtoto amekaa, kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu asubuhi kikatoka, wote kwa mara moja, Mama Joséphine mbele yao, mikono kichwani, kitambaa kikimfunguka kiunoni. Wanaume waliokuwa nje walikimbilia mlangoni wakidhani ndiyo imetokea.

"Ni nini hiyo?" Dorothée alipiga kelele Delhi. "Kaswera! Banani banalia hapo? Ni nani amekufa?"

"Hakuna, mama," Kaswera alisema, akicheka na kulia, Orly akimvuta blauzi. "Hakuna. Nitakueleza. Umusemeshe tu akiamuka. Umuambie foto niliiona."

Shangazi Françoise alikuwa amekwisha kutoka. Walimwona kupitia mlangoni, mstari mweupe wa chaki bado kiunoni mwake, akiinua upande mmoja wa meza na kumfokea Adrien ashike wa pili.